Ulimi wako ndio kiungo mchezeshaji wa presha

Dabi ya Kariakoo ikifika, baba yangu mdogo huwa hatazami penalti. Anainuka kwenye benchi pale kibanda umiza, anatoka nje, anasimama jirani na muuza chipsi na kusikilizia kelele. Anajua kwa sauti tu nani kafunga, maana sauti za Wanayanga na Wanasimba wa mtaa wetu anazijua moja moja.

Sababu ni presha. Ana miaka 58, na daktari alishamwambia kwamba akitaka kuendelea kufa na timu yake, basi asikose vidonge hata siku moja. Kwa miaka kadhaa alitii.

Msimu huu nilipokwenda kumsalimia nikamkuta kashika chupa ya lita moja, ndani ina kitu chekundu kama jezi ya Mnyama.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Unaiona hii? Bitiruti. Dawa kamili hii. Vidonge nimeviweka kabatini, hii ni wiki ya tatu."

Pale dirishani kulikuwa na chupa nyingine, ya bluu: dawa ya kusukutua mdomo. Jino lilikuwa linamsumbua, hivyo anasukutua asubuhi na usiku. Alinionyesha maandishi ya kwenye chupa kwa fahari kwamba inaua karibu bakteria wote.

Sikumbishia mzee. Mimi ni mwandishi wa mpira, nina stashahada ya uandishi wa habari, sio daktari. Nilichofanya ni kile tunachofanya kabla ya mechi kubwa: nikaenda kusoma takwimu. Kumbe baba mdogo kwa mkono mmoja alikuwa amesajili mchezaji mzuri tu, kwa mkono wa pili akamtoa uwanjani yule anayempa pasi. Na kibaya zaidi, kikosi cha kwanza kakifungia kabatini.

MPIRA UNAUA KWELI?

Kwanza tumalizane na hili la mpira na moyo, maana wapo wanaodhani ni stori za vijiweni.

Kombe la Dunia la 2006 lilipofanyika Ujerumani, madaktari wa jiji la Munich na maeneo yanayolizunguka walihesabu watu waliopata dharura za moyo siku za mechi, wakalinganisha na siku za kawaida. Siku ambazo Ujerumani inacheza, dharura zilikuwa mara 2.66 ya kawaida. Kwa wanaume zilipita mara tatu. Wengi walipatwa ndani ya saa mbili za kwanza tangu mpira uanze, na waliokuwa na tatizo la moyo tangu zamani ndio walioumia zaidi.

Uingereza nako yalishatokea. Juni 30, 1998, kwenye Kombe la Dunia la Ufaransa, England ilitolewa na Argentina kwa penalti, mechi ile ambayo David Beckham alilambwa kadi nyekundu. Siku hiyo na mbili zilizofuata, waliolazwa hospitali za England kwa shambulio la moyo waliongezeka kwa asilimia 25.

Kinachotokea ni rahisi kukielewa. Mwamuzi akionyesha kidole kwenye doa la penalti, mwili wako unadhani umevamiwa. Unamwaga adrenalini, moyo unakimbia, mishipa inabana. Kama mishipa yako ni mipana na laini, damu inapita, unashangilia au unanuna, unarudi nyumbani. Kama tayari presha iko juu, hapo unacheza kamari.

Kwa hiyo swali la baba mdogo lilikuwa la msingi kabisa: kuna chakula kinachoifungua mishipa?

BAO LENYE PASI TATU

Jibu ni ndiyo, kipo. Lakini bao lake halifungwi na mtu mmoja.

Bitiruti, mchicha, spinachi na saladi ya majani zina kitu kinaitwa nitrati. Mmea unaivuta kutoka ardhini, ni chakula chake. Ukiila, nitrati yenyewe haifanyi lolote la maana kwenye mishipa yako. Ni kama beki kashika mpira golini kwake: ana mpira, lakini bao liko mbali.

Pasi ya kwanza: nitrati inafyonzwa tumboni na kuingia kwenye damu. Nyingi inatoka kwa njia ya mkojo, lakini karibu robo yake inakamatwa na tezi za mate na kurudishwa mdomoni. Ndiyo, chakula ulichokwisha kukimeza kinarudi tena mdomoni kupitia mate. Nitrati iliyomo kwenye mate huwa ni zaidi ya mara kumi ya ile iliyomo kwenye damu.

Pasi ya pili ndiyo ya mchezeshaji. Nyuma ya ulimi wako, kwenye zile nyufa ambazo mswaki haufiki vizuri, wanaishi bakteria. Wana majina ya wachezaji wa kigeni: Veillonella, Rothia, Neisseria, Actinomyces. Hao wanaichukua nitrati na kuigeuza kuwa nitriti. Mwili wa binadamu wenyewe kazi hiyo hauiwezi, au unaiweza kidogo mno. Bila bakteria wa ulimi, pasi haifiki.

Pasi ya tatu: unameza mate. Nitriti inafika tumboni, nyingine inaingia kwenye damu, na huko inageuzwa kuwa gesi inayoitwa oksidi ya nitriki. Huyu ndiye straika. Gesi hii inaiambia misuli ya ukuta wa mshipa "legea", mshipa unapanuka, presha inashuka.

Na straika huyu sio wa mchangani. Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya gesi hiyo kwenye moyo na mishipa. Alfred Nobel, mwenye tuzo yake, alitajirika kwa baruti iliyotengenezwa kwa nitrogliserini. Alipozeeka akaugua moyo, na dawa aliyoandikiwa ilikuwa hiyo hiyo nitrogliserini. Inafanya kazi kwa kutoa gesi hii hii.

TAKWIMU ZA MECHI

Maneno yasiwe mengi, twende kwenye matokeo.

Mwaka 2006, watafiti wa Sweden waliwapa nitrati watu 17 wenye afya kwa siku tatu. Presha ya chini, ile namba ya pili daktari anayokutajia, ilishuka kwa wastani wa pointi 3.7. Hizo pointi ni milimita za zebaki, kipimo cha presha.

Mwaka 2008, watafiti wa London waliwanywesha watu wenye afya nusu lita ya juisi ya bitiruti. Ndani ya saa tatu, namba ya juu ilishuka kwa takriban pointi 10. Kisha wakafanya jambo ambalo mimi nimelipenda kuliko yote: wakawaambia watu wanywe juisi, halafu kwa saa kadhaa wateme mate yote, wasimeze hata tone. Juisi ile ile, watu wale wale, lakini nitriti haikupanda kwenye damu na presha haikushuka. Ukikata pasi ya mate, hakuna bao.

Mwaka 2015, watafiti hao wa London wakaenda kwa wagonjwa wenyewe. Zaidi ya watu 60 wenye presha ya juu waligawanywa. Wengine walipewa robo lita ya juisi ya bitiruti kila siku kwa wiki nne, wengine wakapewa juisi inayofanana nayo lakini nitrati imeondolewa, na mgonjwa hakujua anakunywa ipi. Walioipata ile yenye nitrati, namba ya juu ilishuka kwa karibu pointi 8. Walipoacha kunywa, ndani ya wiki mbili presha ikarudi ilipokuwa.

Sio kila mechi imeshinda, na hilo lisemwe. Mwaka huo huo wa 2015, watafiti wa Australia waliwapa juisi kwa wiki moja watu ambao tayari wanatumia vidonge vya presha. Hakuna kilichoshuka. Kwa hiyo tunazungumzia mchezaji mwenye kipaji ambaye siku nyingine anapotea uwanjani.

WACHEZAJI NAO WANAIPIGA

Shabiki akiona mchezaji anakunywa kitu chekundu kabla ya mechi asikimbilie kusema kalogwa. Gesi ile ile inayofungua mishipa inasaidia pia misuli kutumia oksijeni vizuri.

Mwaka 2009, Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, kiliwanywesha vijana nusu lita ya juisi kwa siku kwa siku sita, kisha wakapanda baiskeli ya mazoezi hadi wachoke kabisa. Bila nitrati walidumu sekunde 583 kwa wastani, wakiwa nayo walifika 675. Mwaka 2017 huko Uholanzi, wachezaji 32 wa mpira walifanya kile kipimo cha yo-yo ambacho makocha wa fiziki wanakipenda na wachezaji wanakichukia, kukimbia na kurudi kwa filimbi hadi mtu aishiwe. Walioinywa juisi siku sita waliongeza umbali kwa asilimia 3.4.

Mwaka 2018, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitaja nitrati kwenye orodha fupi ya virutubisho ambavyo vina ushahidi wa kuongeza uwezo wa mwanamichezo, pamoja na kafeini na kreatini. Na haimo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni. Kinachotakiwa ni muda tu: inywewe saa mbili hadi tatu kabla ya filimbi, ili pasi zote tatu zipigwe.

KUMTOA KIUNGO DAKIKA YA KWANZA

Sasa turudi kwenye ile chupa ya bluu dirishani.

Dawa kali za kusukutua, hasa zenye klorheksidini, kazi yake ni kuua bakteria. Haziulizi yupi wa timu yetu na yupi mpinzani. Mwaka 2013, watafiti wa London waliwapa watu 19 wenye afya dawa ya namna hiyo, wasukutue kwa siku saba. Nitriti inayotengenezwa mdomoni ilianguka kwa asilimia 90. Presha zao zikapanda kwa pointi 2 hadi 3.5, na hao hawakuwa wagonjwa.

Mwaka 2019, Chuo Kikuu cha Plymouth kikaleta jingine la kuwashtua wanamichezo. Kila aliyewahi kupima presha baada ya mazoezi anajua huwa inashuka, na hiyo ni moja ya faida za kukimbia. Watu 23 walikimbia kwenye mashine dakika 30, kisha wakasukutua. Siku waliyosukutua maji yenye ladha ya mnanaa tu, saa moja baadaye namba ya juu ilikuwa imeshuka kwa pointi 5.2. Siku waliyosukutua dawa ya kuua bakteria, ilishuka kwa pointi 2 tu, na baada ya saa mbili ule mshuko haukuonekana tena. Umekimbia nusu saa, umetoka jasho, halafu zawadi yako umeitema kwenye sinki.

Hii haina maana watu waache kusafisha vinywa. Mswaki na dawa ya meno ya kawaida viendelee asubuhi na usiku, maana fizi mbovu nazo ni adui wa moyo. Na kama daktari wa meno amekuandikia dawa ya kusukutua kwa siku kadhaa baada ya kung'oa jino, itumie kama alivyosema. Tatizo ni ile ya kujinunulia mwenyewe na kusukutua kila siku mwaka mzima ili mdomo unukie.

SABU, SIO KIKOSI CHA KWANZA

Nilimpeleka baba mdogo zahanati. Muuguzi akamfunga kile kitambaa mkononi, kikajaa upepo, namba zikatoka: 168 kwa 102. Presha inahesabiwa kuwa ya juu kuanzia 140 kwa 90.

Tukapiga hesabu ya mtaani tu. Tuseme juisi yake ifanye kazi kama ile ya London, ishushe pointi 8 zote. Toa 8 kwenye 168, inabaki 160. Bado yuko eneo la hatari, bado mwamuzi anaweza kupuliza penalti muda wowote. Na hapo kwa dawa ile ya kusukutua, sidhani kama alikuwa anapata hata hizo 8.

"Sasa mbona sijisikii vibaya?" akamuuliza muuguzi.

Hapo ndipo presha inapowamaliza watu. Haina filimbi. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya juu hawajui kama wanayo. Wapo tunaokaa nao jukwaani, wanapiga vuvuzela, wanadhani wako fiti kwa sababu hakuna kinachouma.

Bitiruti ni sabu nzuri. Inaingia, inasaidia timu, inaongeza kasi. Lakini huwezi kuwatoa wachezaji kumi na mmoja ukabaki na sabu mmoja uwanjani. Vidonge ulivyoandikiwa haviachwi kwa sababu muuza juisi kasema. Akitaka kuvipunguza, avipunguze daktari baada ya kukupima.

MCHICHA WETU UPO

Habari njema ni kwamba sio lazima uwe na hela ya bitiruti. Mchicha una nitrati nyingi, na fungu lake linajulikana bei. Spinachi na saladi ya majani zimo pia. Ila angalia mapishi: nitrati inayeyuka kwenye maji. Ukiuchemsha mchicha mpaka ukalegea, kisha ukamwaga maji, umemwaga na nitrati yako. Afadhali kuukaanga kidogo, au kuupika kwa maji machache yanayobaki kwenye sufuria.

Chumvi nayo ishikwe mkono. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, chakula chote kikijumlishwa. Mboga ya nitrati iliyojaa chumvi ni kufunga bao kisha kujifunga mwenyewe.

Mwenye kisukari awe macho na juisi za mtaani zilizomwagiwa sukari. Mwenye matatizo ya figo, au aliyewahi kupata mawe kwenye figo, amuulize daktari kwanza, maana bitiruti ina potasiamu na oksalati nyingi. Na mkojo ukitoka mwekundu baada ya bitiruti, kama umeinywa kweli, tulia, mara nyingi ni rangi yake tu. Baba mdogo siku ya kwanza alidhani anakufa, akamwamsha mkewe usiku wa manane.

Na asije mtu akasema soseji nazo zina nitriti, basi ni dawa. Ni kweli huwekwa humo ili nyama isioze, lakini mwaka 2015 kitengo cha saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliziweka nyama za kusindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Kula mboga.

PENALTI YA MWISHO

Baba mdogo aling'oa lile jino. Chupa ya bluu haipo tena dirishani. Vidonge vimetoka kabatini, vipo mezani karibu na redio, anavimeza wakati taarifa ya habari inaanza. Juisi bado anakunywa mara moja moja, lakini nyumba nzima sasa inakula mchicha mpaka watoto wanalalamika. Mara ya mwisho tulipokwenda zahanati ilisoma 138 kwa 86. Sijui ni kiasi gani cha vidonge, kiasi gani cha chumvi iliyopungua na kiasi gani cha mchicha. Muuguzi alisema ushindi ni wa timu.

Wiki iliyopita tulikuwa kibanda umiza, mwamuzi akaonyesha doa. Mzee akainuka, nikajua anatoka nje kama kawaida yake. Alifika mlangoni, akasimama, akageuka.

"Nani anapiga?" akauliza.

Nikamtajia. Akarudi, akakaa, akameza mate.